Kigari cha Ubavuni Garissa: Mwanagenzi Afunzwe kwa Lugha Gani?

Wahenga walinena kuwa mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Methali hiyo ya Pwani inaweza kuonekana ngeni katika nchi kavu ya Garissa, ambako maji makubwa ni ya Mto Tana peke yake. Hata hivyo, ni vigumu kupata usemi unaomfaa zaidi mwendeshaji wa bodaboda aliyezoea magurudumu mawili kwa miaka mingi, kisha akaamua kufunga kigari cha gurudumu moja ubavuni mwa pikipiki yake. Siku hiyo mzoefu hugeuka mwanagenzi, na mazoea yake yenyewe ndiyo yanayomhatarisha.

Haja ya chombo cha namna hii Kaskazini Mashariki haihitaji kutetewa kwa maneno mengi. Kaunti ya Garissa ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 44,000, na njia nyingi zinazoelekea Balambala, Fafi, Hulugho na Lagdera ni za mchanga. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yalionyesha vifo vya uzazi 3,795 kwa kila vizazi hai 100,000 katika Mandera, 1,683 katika Wajir na 646 katika Garissa, ilhali wastani wa taifa zima haukufika 500. Mwezi wa Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungulia katika vituo vya afya vya umma. Ada iliondoka, umbali ukabaki.

Umbali huo, aghalabu, hukatizwa kwa bodaboda. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu atakaaje nyuma ya mwendeshaji, tena mwanamume asiye maharimu wake? Sheria za barabarani za Kenya huruhusu abiria mmoja tu kwenye bodaboda, hivyo mkunga au dada wa kumshika mkono hana nafasi. Tuktuk zimesaidia sana mjini, ambako akina mama huziona kuwa na sitara zaidi. Nje ya mji, hata hivyo, gurudumu la mbele la tuktuk hupanda tuta la mchanga lililo kati ya nyayo mbili za magari, na mgonjwa hawezi kulala ndani yake. Kigari cha ubavuni kinaweza kubeba kitanda.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa Afrika. Katika wilaya ya Mangochi, nchini Malawi, pikipiki tatu za kubebea wagonjwa ziliwekwa katika vituo vya afya vya mbali kati ya Oktoba 2001 na Septemba 2002. Utafiti uliofanywa ulionyesha kwamba muda wa kumfikisha mama hospitalini ulipungua kwa saa 2 hadi 4 na nusu, kutegemea kituo, na kwamba bei ya pikipiki moja ya aina hiyo ilikuwa nafuu mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Nchini Ufilipino nako, pikipiki yenye kigari ni usafiri wa kila siku, na karakana ndogo za mitaani ndizo zinazoviunda vigari hivyo. Mafundi wa kuchomelea wa Garissa, wanaounda malango na mikokoteni ya punda, hawashindwi na kazi kama hiyo.

Tatizo, basi, haliko kwenye chuma. Liko kwenye maarifa, na maarifa hayo husafiri kwa lugha.

Achukuliwe kijana mwenye pikipiki ya kawaida ya sentimita za ujazo 150. Inapokuwa peke yake, pikipiki yake huinama inapokata kona. Ikiwa na kasi ya kutosha, yeye husukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani ili iinamie kushoto na kugeukia huko, ingawa wengi hufanya hivyo pasipo kujua. Kigari kikishafungwa, chombo hakiinami tena. Usukani hugeuzwa moja kwa moja, kama wa baiskeli ya mtoto yenye magurudumu matatu: anayetaka kwenda kushoto huuvuta mkono wa kushoto kwake. Mzoefu akishtuka na kusukuma kama alivyozoea, chombo kitaelekea kulia, yaani kwenye magari yanayomjia.

Kuna mengine pia. Kwa kuwa Kenya huendesha upande wa kushoto wa barabara, kigari hufungwa kushoto. Mwendeshaji akiongeza mafuta, uzito wa kigari hukivuta chombo kushoto. Akifunga breki za pikipiki, kigari hutaka kuendelea mbele na kukigeuza chombo kulia. Kwenye kona ya kushoto, gurudumu la kigari huweza kuinuka hewani, hasa kikiwa kitupu. Kwenye kona ya kulia, kigari hukandamizwa chini na chombo hutulia zaidi, ila mwendo ukizidi sana gurudumu la nyuma la pikipiki nalo huweza kuinuka.

Hata kufunga kwenyewe kuna kanuni zake. Kigari hushikizwa kwenye fremu mahali pane. Gurudumu lake huwekwa mbele kidogo ya gurudumu la nyuma la pikipiki, huelekezwa ndani kwa kiasi kidogo, na pikipiki huegemezwa nje kidogo, mbali na kigari. Vipimo hivi visipozingatiwa, mikono ya mwendeshaji itashindana na usukani safari nzima, na tairi zitalika upesi. Injini ndogo nayo huhitaji kupunguziwa mwendo, kwa kawaida kwa kubadilisha gurudumu la meno la mbele linalozungusha cheni. Baada ya safari za mwanzo, kila nati sharti ikaguliwe upya. Ndipo mwanagenzi aende uwanjani, atie kigarini gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima, ajifunze kona za kushoto na kufunga breki polepole, siku baada ya siku. Binadamu asiingie humo kabla ya mafunzo hayo.

Hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Mengi ya maelezo haya yameandikwa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa yametoka Marekani, ambako watu huendesha upande wa kulia na kigari hufungwa kulia. Katika maandishi hayo, kona inayotajwa kuwa ya hatari ni ya kulia. Katika maandishi ya Uingereza ni ya kushoto. Mfasiri atakayeketi na kamusi yake, akafasiri neno kwa neno maelezo ya Marekani, atatoa Kiswahili sanifu, chenye upatanisho safi wa kisarufi, kitakachompeleka msomaji wa Garissa mtaroni. Kila neno litakuwa sahihi na mafunzo yote yatakuwa ya uongo. Darasani, kosa la tafsiri sisisi hupunguza alama. Barabarani, kosa hilohilo hupunguza watu.

Suala la istilahi nalo haliepukiki. Mjadala wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta ulitumia wino mwingi, na mwishowe wananchi wakachagua wenyewe. Je, chombo hiki nacho kisubiri mezani? Kukiita tela ni kupotosha, kwani tela huvutwa nyuma. Kigari cha ubavuni ni jina refu, lakini linajieleza. Vile vyuma vinavyokishikiza kwenye pikipiki vingeweza kuitwa mirengu, kwa mfano wa miti inayoisaidia ngalawa isipinduke. Kazi ni ileile, na neno limo tayari katika hazina ya lugha. Lakini kijana wa Garissa ambaye hajaiona ngalawa atalipokeaje? Jibu halipatikani maktabani. Linapatikana karakanani, fundi anapolitamka neno mara mbili na kulikubali, au kulicheka na kutaja lake. Lake likifaa, liandikwe.

Wapo watakaosema kwamba mafundi hujifunza kwa mikono na macho, wala hawahitaji vitabu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini macho huona tu yaliyokwisha kufanywa, na Garissa hakuna kizazi cha mafundi wa vigari hivi cha kuigwa. Wengine watauliza: kwa nini Kiswahili, ilhali wakazi wengi wa eneo hilo huzungumza Kisomali? Hoja hii ni nzito zaidi. Kisomali nacho kitumike bila kinyongo. Mwongozo wenye lugha mbili ubavu kwa ubavu ungefaa kuliko wa lugha moja. Lakini vipuri, mafundi na madereva hupita baina ya Garissa, Mwingi, Thika na Mombasa, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wapo pia watakaohofu kwamba kigari kitaipa serikali kisingizio cha kutonunua magari ya wagonjwa na kutotengeneza barabara. Hofu hiyo ni ya haki. Kigari ni cha kumfikisha mama kituoni usiku wa leo. Barabara ibaki kudaiwa kesho.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kuandaa makongamano, tamthilia na mashindano ya ushairi, na hilo ni jema. Vingeweza pia kuwatuma wanafunzi wachache karakanani, wakae na fundi, mwendeshaji na mkunga, kisha watunge mwongozo wa kurasa kumi: michoro yenye mishale, maneno yaliyopimwa na watumiaji, na kushoto na kulia zilizohakikiwa na mtu aliyeketi kwenye pikipiki yenyewe. Mwongozo huo pia useme waziwazi kwamba chombo kilichobadilishwa hivi kikaguliwe na mamlaka, na kampuni ya bima ijulishwe, kabla ya kubeba yeyote.

Kurasa kumi si kazi ya kumpa mtu shahada. Lakini mama wa Hulugho hataulizia shahada ya aliyeziandika. Atakachohitaji ni kwamba kijana anayemwendesha, alipofundishwa kona ya kushoto, aliifahamu.