Nani Kakuambia Hukulala Vizuri?

Kwa Kiswahili, asubuhi huanza kwa swali. "Umelalaje?" "Umeamkaje?" "Habari za kulala?" Ni salamu tu, ndiyo, na mara nyingi jibu ni "salama" hata kama mtu kakesha na jino. Lakini tazama swali hilo linaelekezwa kwa nani. Linaelekezwa kwa aliyelala. Yeye ndiye shahidi wa usiku wake, na sisi wengine tunaupokea ushahidi wake. Akisema "nimelala salama", basi kalala salama. Akisema "wee acha tu", anapewa pole na hadithi inaanza.

Siku hizi nina marafiki, tena wasomaji wazuri wa vitabu, ambao ukiwauliza swali hilo wanatazama kwanza simu. "Sabini na moja kwa mia," wananijibu. Eti usingizi mzito dakika hamsini tu. Ukiwauliza tena, "Lakini wewe mwenyewe unajisikiaje?", wanasita, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali lisilokuwemo kwenye daftari.

Nataka kubishana nao, na hoja yangu ni moja. Programu hizi za simu zinazopima unavyojigeuza kitandani, halafu zikakuamsha "taratibu", zinatunyang'anya vitu viwili. Cha kwanza ni ushahidi wetu juu ya usiku wetu wenyewe. Cha pili ni hasira yetu kwa yule anayetunyima usiku huo. Hicho cha pili ndicho kinachoniuma zaidi.

Tuanze kwa kuzitendea haki. Mojawapo ya zile zilizovuma mapema, Sleep Cycle, ilitoka Sweden mwaka 2009. Ulikuwa unaiweka simu juu ya godoro karibu na mto, nayo kwa kihisi chake cha mwendo inahesabu kila unapojigeuza. Baadaye ikaanza kusikiliza kwa maikrofoni. Unaiambia saa ya mwisho ya kuamka, tuseme saa kumi na moja alfajiri. Yenyewe, ndani ya nusu saa kabla ya hapo, inatafuta dakika ambayo unaonekana kulala kijuujuu, kisha inakupigia muziki laini unaopanda polepole. Lengo ni usikurupushwe kutoka kwenye usingizi mzito ukabaki na mang'amung'amu mpaka saa tatu asubuhi.

Nadharia yenyewe siyo uongo. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa kuna vipindi vya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na kwamba vipindi hivyo vinahusiana na ndoto. Tangu hapo tumejua kwamba usiku huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika tisini hivi. Lakini hebu tujiulize walijuaje. Walibandika nyaya kichwani na kando ya macho, wakasoma umeme wa ubongo na mwendo wa macho. Hawakuweka kitu juu ya godoro wakaanza kubashiri.

Godoro linajua kutikisika tu. Sasa, mtu anayeota ndoto misuli yake hulegea kiasi kwamba hajigeuzi. Aliye katika usingizi mzito naye katulia tuli. Na yule anayetazama dari tangu saa nane usiku akiwaza ada ya shule, naye katulia hivyohivyo, hataki kumwamsha mwenzake. Kwa kihisi cha mwendo, watu hawa watatu wanafanana mno. Halafu asubuhi unaletewa mchoro wenye milima na mabonde, rangi ya buluu na ya zambarau, dakika zimehesabiwa moja moja. Uhakika wa mchoro ni mkubwa kuliko uhakika wa kilichopimwa.

Kuna jambo jingine lisilotajwa sana kwenye matangazo. Usingizi mzito zaidi, kwa mtu anayelala usiku, huja hasa katika theluthi ya kwanza. Kadiri alfajiri inavyokaribia, unapungua wenyewe. Ikifika saa kumi na moja, yule mwizi ambaye programu inajitapa kukulinda naye mara nyingi kashaondoka. Ni kama kumlipa mlinzi wa duka ambalo mali ilishahamishwa jana.

Bado sijazungumzia vyumba vyetu. Programu hizi zimemfikiria mtu mmoja, kitanda kimoja, chumba kimya, na umeme usiokatika, maana simu inatakiwa iwe kwenye chaji usiku kucha. Tia humo mume, mke na mtoto wa miaka miwili anayelala kwa kupiga mateke chini ya chandarua kimoja. Tia feni, jenereta ya jirani, mbwa wa mtaa, jogoo asiyejua saa, na adhana. Mateke ya mtoto yanaandikwa kwenye hesabu ya mama, na asubuhi mama anaambiwa usingizi wake hauna ubora. Jamani, mama huyo anajua sababu na hahitaji mchoro. Tena sababu yenyewe anaipenda, kalala mdomo wazi pembeni yake.

Tuje sasa kwenye ile nusu saa. Kwa nini dirisha la kuamshwa linafunguka kuelekea nyuma tu? Kwa nini programu haisemi, "Huyu yuko usingizini kabisa, tumwache mpaka saa kumi na mbili"? Jibu tunalijua sote. Saa ya mwisho haikupangwa na mwili. Imepangwa na basi, na daftari la mahudhurio, na msimamizi anayesimama getini. Mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta hana nusu saa ya kuongeza mbele. Kwa hiyo ule upole unalipiwa na aliyelala mwenyewe, kwa dakika zake zilizobaki. Unaamshwa mapema zaidi kwa sauti tamu zaidi, halafu unashukuru.

Biashara hii ina mababu. Katika miji ya viwanda ya Uingereza walikuwepo waamshaji wa kulipwa, waliopita mitaani gizani na fimbo ndefu wakigonga madirisha ya ghorofani mpaka mtu aonyeshe kuwa kaamka. Aliyefaidika na kuwahi ni mwenye kiwanda, lakini aliyemlipa mwamshaji ni mfanyakazi, kutoka mfukoni mwake. Sasa fimbo imekuwa simu, na malipo yamekuwa ya kila mwezi. Tofauti ni kwamba yule wa fimbo hakukupa alama. Alikugongea akaenda zake, wala hakukuambia kwamba kosa ni lako kwa namna unavyolala.

Sisi wa vitabu tulipaswa kulitambua jambo hili mapema, kwa sababu mmoja wetu alishaliandika. Katika Die Verwandlung ya Franz Kafka, iliyochapishwa mwaka 1915, Gregor Samsa anaamka akiwa mdudu. Kengele ilitegwa saa kumi alfajiri, na sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Treni ya saa kumi na moja imemwacha. Na huyu mtu mwenye miguu mingi myembamba inayochezacheza hewani anawaza nini? Anawaza treni. Anawaza bosi. Anashangaa ilikuwaje akalala huku saa inalia kwa kishindo cha kutikisa samani. Anahesabu miaka mitano au sita iliyobaki kumaliza deni la wazazi wake kwa bosi huyohuyo. Saa nzima haijapita, karani mkuu kafika mlangoni kuuliza kulikoni.

Mpe Gregor programu yetu. Mpe sauti ya mawimbi na ndege wa asubuhi. Kuna kitu gani kingebadilika? Deni lingekuwa lilelile, karani angegonga mlango uleule. Kafka hakuandika kisa cha kengele yenye kelele. Kaandika kisa cha mtu ambaye maisha yake yamekodishwa mpaka mwili wake ukaacha kuwa wake, na yeye bado anajilaumu kwa kuchelewa.

Kujilaumu huko sasa kumepata jina la kitabibu. Mwaka 2017 Kelly Baron na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za wagonjwa waliokuja kliniki wakiwa na takwimu za vifaa vyao mkononi, wana wasiwasi kwa sababu ya takwimu, wanakaa kitandani muda mrefu zaidi ili namba ipande. Hali hiyo wakaiita orthosomnia, hamu kali ya usingizi kamilifu. Mmoja wao alipimwa maabara kwa nyaya, akaonekana kapata usingizi mzito. Badala ya kufurahi, akauliza: mbona basi kifaa changu kinasema nalala vibaya?

Najua nitajibiwa nini. "Mimi imenisaidia." Sawa. Aliyesikia mkoromo wake umerekodiwa, akasikia pumzi inakatika, akaenda kwa daktari, huyo kafaidika na simsemi. Na anayependa kuamshwa na kinanda badala ya king'ora, apendavyo. Masikio ni yake. Lakini kipimo kinachokupeleka kwa daktari kina mwisho. Kinachokutaka ukilipie ili kesho ukitazame tena, na kesho kutwa pia, hakitaki upone. Kinataka urudi.

Wala tatizo siyo kihisi cha mwendo chenyewe. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, hapa kwetu Tanzania. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima mwendo kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo kila mtu alikuwa kalala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na karibu saa zote za usiku palikuwa na mtu macho. Watafiti wakapendekeza kwamba kuamkaamka huko huenda ni ulinzi wa kale: kambi hulala salama kwa sababu siyo wote wanaolala.

Linganisha sasa. Kifaa ni cha ukoo uleule, ila swali ni tofauti. Watafiti waliuliza watu hawa wanaishije pamoja usiku. Programu ya simu ingemchukua mzee mmoja wa kambi ile, ikamtenga na wenzake, ikamwambia: umeamka mara nyingi mno, alama zako ni 58. Kilichokuwa zamu ya kuwalinda wengine kingegeuka kasoro ya mtu mmoja. Hivyo ndivyo inavyotufanyia sisi. Jirani yangu ni mlinzi wa usiku, analala mchana chini ya bati linalowaka jua, watoto wanacheza mpira ukutani kwake. Namba mbaya ya huyo siyo habari ya mwili wake. Ni habari ya mshahara wake, ya bati, na ya zamu isiyobadilishwa. Mpe mchoro wa usingizi, naye ataanza kuuliza kama ale ndizi kabla ya kulala.

Nasi tunaokesha na kitabu tujitetee pia. Elfu Lela Ulela nzima imesimama juu ya mwanamke aliyekataa usiku uishe mapema, akasimulia mpaka alfajiri ili asichinjwe. Shahrazadi angepewa alama ngapi? Hadithi zetu nyingi zimezaliwa katika saa ambazo programu inazipaka rangi nyekundu. Na ndoto, ambayo kwetu huamkiwa, husimuliwa na kubishaniwa maana yake kwenye chai, kwenye mchoro ni kilima kidogo kisicho na neno hata moja.

Sikuombi uifute. Nakuomba ufanye jambo moja usiku huu kabla hujailaza simu kwenye godoro. Chukua karatasi. Andika saa ambayo mwili wako ungeamka wenyewe, kama usingeamshwa na yeyote. Chini yake andika saa unayolazimika kuamka. Toa. Halafu andika jina la anayechukua tofauti hiyo, na anakulipa kiasi gani kwa ajili yake.