RoboCop ya 2014: Tuliipiga mawe bure

Leo najua nitatukanwa, lakini wacha niseme tu: RoboCop ya 2014 si mbovu vile mnavyosema.

Kwetu Ikonge, ukitaja RoboCop unaambiwa iko moja tu, ile ya 1987 ya Paul Verhoeven. Bro yangu aliiona kwa kibanda cha video, benchi za mbao, mvua ikipiga mabati hadi sauti ya muvi inamezwa. Mimi hii mpya niliiona kwa simu, nimejifunika blanketi. Tangu siku hiyo hatujaelewana.

Hoja zake nyingine ziko sawa. Ya kwanza ilijaa damu na ilicheka matajiri waziwazi. Mpya ilipewa alama ya PG-13, kwa hivyo risasi zinapigwa na damu huioni. Jamaa mwenyewe akapakwa rangi nyeusi kama pikipiki ya showroom. Wahakiki waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Pesa ziliingia, kama dola milioni 242 dunia nzima, lakini Marekani kwenyewe hazikufika hata milioni 60.

Sasa nisikizeni. Mwongozaji ni José Padilha, Mbrazili aliyetengeneza Tropa de Elite, muvi ya polisi wa Rio. Mambo ya bunduki na serikali anayajua. Kwa RoboCop yake, sheria inakataza roboti kushika doria Marekani, maana mashine haihisi kitu ikiua. Kampuni inafanya nini? Inamchukua Alex Murphy, polisi wa Detroit aliyelipuliwa na bomu, inamweka ndani ya chuma. Amebaki kichwa, mapafu na mkono mmoja. Shida ni kwamba mtu husita kabla ya kupiga risasi. Basi wanachezea ubongo wake: mapigano yakianza, kompyuta ndiyo inaamua, lakini yeye anadhani ni yeye.

Hapo nilisimamisha muvi.

Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa rika letu walipigwa risasi pale Bunge, Nairobi. Swali letu tangu hapo ni moja: nani aliamuru? Padilha aliuliza swali hilo hilo miaka kumi mapema. Mkono ukifyatua na uamuzi ukawa wa mwingine, nani atashtakiwa? Mwenye mkono, au aliyekaa ofisini?

Ya 1987 ni tamu zaidi, sibishani. Lakini ya 2014 ndiyo ilininyima usingizi.

Nilimwambia bro hivyo. Akasema, "Muvi ya polisi haina hata damu?" Nikamjibu damu tumeiona ya kutosha kwa simu zetu, na haikuwa muvi.

Akanyamaza. Halafu akasema ile rangi nyeusi bado ni upuzi.

Hapo sasa sina la kumjibu. Nyinyi mnasema aje?