Hesabu ya Serikali na Mlipa Ushuru

Kila mwezi wa Juni hesabu ya mapato na matumizi ya Serikali husomwa Dodoma. Ile ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Mvuvi wa Kibirizi, au mama auzaye dagaa sokoni Ujiji, atashika nini katika neno trilioni? Lakini tukiigawa kwa watu milioni 61.7 waliohesabiwa mwaka 2022, yapata shilingi 915,000 kwa kila mtu. Hapo ndipo awezapo kuuliza fungu lake limekwenda wapi.

Wizara ya Fedha imekwisha kutoa toleo la wananchi, nayo ni kazi njema. Mwaka 2016 mji wetu wa Kigoma-Ujiji ulichaguliwa miongoni mwa serikali 15 za miji na majimbo duniani kujaribu uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa katika umoja ule. Walakini kuwaeleza watu hesabu yao hakungoji mapatano ya mataifa.

Wenzetu makarani, vitabu vimo mikononi mwetu. Twashauri ibandikwe sokoni na mwaloni karatasi moja: kilichokusanywa, kilichotumika, na kilichotengewa zahanati, shule na maji ya kata ile. Alipaye ushuru asijue hesabu hudhani ameibiwa hata asipoibiwa. Na aibiwapo, hajui.