LESENI BILA NAULI NI LESENI YA NINI?



Mwenzetu arejeaye kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kutibiwa, hushuka Kisauni akatafuta teksi yenye leseni impeleke Mjini. Njia yenyewe haitimii kilomita kumi. Walakini hutajiwa nauli kwa dola, yeye aliyezaliwa Kikwajuni! Asiyekuwa nazo hujikokota na mizigo yake hadi daladala ya 505 iendayo Mjini.

Sisi hatumlaumu dereva. Yeye hulipa ada, hununua petroli, na hushinda juani akingoja ndege. Twawalaumu watoao leseni. Gari hizi hazina mita. Nauli ni mapatano ya mdomo, na mwenye haraka ndiye ashindwaye. Basi leseni hiyo yamlinda nani? Imekuwa stakabadhi ya ada, wala si ahadi kwa abiria.

Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Ikiwa shilingi ni sheria katika karatasi, na dola ni sheria mlangoni mwa kiwanja, Serikali ni ipi kati ya hizo mbili?

Twadai nauli iandikwe mlangoni kwa Kiswahili, kwa shilingi, kituo kwa kituo. Na dereva ashauriwe kabla haijapangwa.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mgeni akamuliwa, na mwenyeji haponi. Hatutanyamaza.