Mfumo Hausumbui Ghafla

Wanachuo wenzangu, hakuna sentensi inayotuchosha kama "mfumo unasumbua". Tunaisikia benki, tunaisikia hospitali, tunaisikia hata chuoni siku ya usajili. Mimi ni mtoto wa Bariadi, nasomea kompyuta, na msimamo wangu ni huu: mara nyingi mfumo hausumbui ghafla. Kuna mtu alibadilisha kitu, na hakuna kilichomwonya mapema.

Chukua pamba, zao letu kubwa Simiyu. Tuseme mfumo wa AMCOS unahifadhi uzito kwa kilo. Developa aliyeko Dar anaubadilisha uwe kwa gramu ili ripoti yake ikae sawa. Kwake ni mstari mmoja tu. Lakini uzito huohuo unasomwa na sehemu ya malipo na sehemu ya makato ya pembejeo, ambazo hakuziandika yeye. Atajua siku mkulima wa Itilima au Meatu atakapopata meseji ya malipo isiyoeleweka. Hapo pamba imeshaondoka na ada ya mtoto inasubiri.

Onyo hilo lingeweza kuja akiwa bado anaandika. Programu ya ukaguzi ingemwonyesha sehemu zote zinazotegemea uzito ule, na majaribio yangegoma kabla badiliko halijatoka kwenye laptopu yake. Hapo kosa linarekebishwa na mtu mmoja, na hakuna mkulima aliyeumia.

Ila onyo lisilo na mwenyewe ni kelele tu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa dakika kama 45. Programu mpya iliwekwa kwenye seva saba kati ya nane, na ile ya nane ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa hautumiki kwa miaka. Asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulishatuma barua pepe 97 zenye dalili ya hitilafu. Hazikuwa zimepangwa kama tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Wapo watakaosema ukaguzi unachelewesha kazi. Kweli, unachelewesha kidogo. Lakini foleni ya wakulima mbele ya dirisha la malipo inachelewesha zaidi, na anayelipa gharama yake siye aliyeandika programu.

Tatizo linaanzia kwetu. Chuoni tunafundishwa kujenga upya kila mara, wakati kazini utakuta mfumo wa watu na utaambiwa uubadilishe. Projekti zetu za mwaka wa mwisho zinaishia kabatini. Naomba serikali ya wanafunzi ipeleke hoja idarani: mwaka wa pili warithi projekti za waliotangulia, wazibadilishe bila kuzivunja, na maksi zihesabu pia kile kilichobaki kikifanya kazi.

Gharama yake ni ndogo, maana projekti zipo tayari. Tuanze muhula ujao.