"Hilo Halitoki Kwenye Mtihani"

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilisimama mbele ya Kidato cha Nne kufundisha mgawanyiko wa seli. Nikachora ubaoni: utando wa kiini unatoweka, kromosomu zinagawana pande mbili, utando unarudi. Kwisha. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Alianza kwa Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kiswahili: "Sasa mwalimu, yale matundu ya kwenye utando yanaenda wapi? Na yakirudi, yanajuaje pa kukaa?"

Sikujua. Nikamjibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani." Darasa likacheka. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Niliporudi chuo nilienda kulitafuta jibu, na jamani, swali lake lilikuwa kubwa kuliko somo langu. Vile vitone tunavyochora si matundu matupu. Kila kimoja ni mlango uliojengwa kwa aina 30 hivi za protini ziitwazo nukleoporini, nyingi zikipangwa kwa mafungu ya nane, hadi mlango mmoja unakuwa na protini mamia. Molekuli ndogo hujipitia tu, kubwa zinahitaji wa kuzisindikiza.

Seli ya binadamu inapoanza kugawanyika, vimeng'enya huzibandika nukleoporini fosfeti. Zikishabandikwa huachiana, na mlango unabomoka vipande vipande. Vipande hivyo havitupwi ovyo, kwani kazi ikikaribia kwisha vimeng'enya vingine huzibandua fosfeti, na ujenzi unaanza upya kwa vifaa vilevile.

Je, zinajuaje pa kukaa? Baadhi ya protini hizo hushikwa na wabebaji waitwao importini, zisije zikaungana mahali pasipo pake. Fikiria vibarua waliobeba matofali ambao hawatui mzigo mpaka wamsikie fundi akiita kiwanjani. Fundi huyo ni protini ndogo, Rani, ikiwa imebeba molekuli ya GTP. Protini inayoipatia Rani GTP imekaa juu ya kromosomu zenyewe, kwa hiyo mwito unasikika zaidi palepale kiini kipya kinapojengwa, na mzigo unatuliwa hapo. Protini nyingine, ELYS, hushika kromosomu na kuyaita mafungu ya kwanza ya mlango. Seli haina ramani ukutani. Kromosomu zenyewe ndizo zinazotangaza kiwanja kilipo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne angeelewa maelezo haya. Mimi mwenyewe niliyaelewa nilipoacha kukariri majina nikayasema kwa Kiswahili, na mifano ya mtaani kwetu.

Najua mtaniambia nini. Darasa lina wanafunzi sabini, kipindi ni dakika arobaini, silabasi haisubiri, na mkuu wa shule anataka ufaulu. Yote kweli, nimeyaona. Lakini binti yule hakuniomba nifundishe mada mpya. Sentensi moja ingemtosha: "Sijui, nitakuletea jibu kesho." Hiyo haili hata nusu dakika. Kilichonizuia si muda, ni aibu. Niliogopa kuonekana mwalimu asiyejua, nikaona bora yeye ndiye aonekane msumbufu.

Na tusidanganyane, tabia hii tumeitoa hukuhuku chuoni. Tunavuka semista kwa madesa, tunamuuliza mhadhiri "hii inatoka?" kabla hajamaliza kueleza, hofu yetu yote ni sapu. Halafu tunashangaa tukifika darasani hatuna la kumjibu mtoto anayefikiri.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka huu, nawaomba jambo moja. Nunueni daftari dogo la maswali msiyoyajua. Swali likija, liandikeni mbele ya darasa, taja na jina la aliyeuliza, kisha mrudi na jibu.

Mimi nililiandika jibu la yule binti kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, nikamtumia mwalimu aliyekuwa akinisimamia. Alinijibu kwamba Kidato cha Nne wameshamaliza na kuondoka. Karatasi bado ninayo.