Ndugu Wanne Katika Kopo la Chumvi

Wiki hii tunaingia jikoni na somo ambalo watoto wetu hulikariri shuleni bila kuliona nyumbani, nalo ni jedwali la elementi. Mwaka 1869, mwanakemia wa Kirusi, Dmitri Mendeleev, alizipanga kwa uzito elementi zilizojulikana zama zake, akaona kwamba tabia zake hujirudia kwa zamu, kama maji yanavyojaa na kupwa. Zenye tabia za kufanana zikakaa safu moja mithili ya ndugu, na ndani ya safu tabia hizo hubadilika hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini.

Tuitazame safu ya halojeni, yaani wazaa-chumvi. Ndugu wa juu ni florini, gesi ya manjano hafifu. Wa pili ni klorini, gesi yenye rangi ya kijani na manjano. Wa tatu ni bromini, kimiminika chekundu cha kahawia. Wa nne ni iodini, ambayo wengine huiita madini joto. Ni fuwele nyeusi zitoazo mvuke wa zambarau zipashwapo moto. Kila ushukapo, atomu huongezewa tabaka la elektroni, ikawa kubwa zaidi, na molekuli zake zikashikana zaidi. Ndiyo maana florini huchemka kwenye nyuzi 188 chini ya sufuri, na iodini kwenye nyuzi 184 juu yake.

Nguvu zao, hata hivyo, hazifuati ukubwa. Kila mmoja ana elektroni saba katika tabaka la nje naye huitafuta ya nane. Atomu ndogo huivuta kwa nguvu, kwa kuwa kiini chake kiko karibu. Atomu kubwa huivuta kwa udhaifu, kwa kuwa kiini kiko mbali na kimezibwa na tabaka za kati. Hivyo mdogo humpokonya mkubwa. Mwaka 1826, Mfaransa Antoine Balard alitia klorini katika maji yaliyobaki baada ya chumvi kuvunwa, na bromini ikajitokeza.

Elimu hii inatuhusu hasa sisi wenye nyumba. Maji ya mji wa Lamu hutoka katika visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na majumbani vimo visima vifupi vilivyo jirani na vyoo vya shimo. Klorini huua vijidudu vya kipindupindu kwa uvutaji ule ule wa elektroni. Lakini haichagui: maji yakiwa na taka, nguvu yake huishia kwenye taka. Basi yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, itiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa, na yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa.

Nguvu hiyo hiyo ni ya kuogopwa. Jiki ina klorini iliyofungwa. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, gesi ya klorini hufunguka, nayo ndiyo iliyotumiwa vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Choo kidogo kisicho na dirisha hakina pa kuitoa. Dada wa kazi na binti wa nyumbani waambiwe hivyo kabla ya kukabidhiwa chupa.

Jamaa zetu wanaoishi Nakuru na Naivasha wana jambo lingine. Miamba ya volkano hutia floraidi nyingi katika maji ya visima vya huko. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya watoto hutokea na madoa ya kahawia, na mifupa hudhurika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha maji hakuiondoi floraidi, bali huikoleza kadiri mvuke unavyotoka. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama zaidi kwa mtoto huyo.

Tumalizie na iodini, kwani wengi hudhani kuwa chumvi ya bahari inatosha. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za klorini iliyo katika chumvi, na iodini isiyofika hata sehemu ya kumi ya miligramu. Chumvi ianikwayo juani, kama ile ya Gongoni na Marereni, haina iodini ya kutosha mpaka itiwe kiwandani, na sheria ya Kenya inataka itiwe. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Upungufu huleta rovu shingoni, na ulio mkubwa wakati wa mimba huweza kumzaa mtoto mwenye akili nzito isiyorekebika baadaye.

Samaki husaidia, lakini si kila nyumba huwa na samaki kila siku. Basi mama anunue chumvi iliyoandikwa kuwa imetiwa iodini, aihifadhi katika kopo lenye kifuniko, mbali na jiko, jua na unyevu, na aitie chunguni mchuzi unapokaribia kuiva. Asiongeze chumvi kwa kutafuta iodini, kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Kijiko ni kile kile cha kila siku; kinachohitaji kuangaliwa ni maandishi ya pakiti.